Sarufi ya Wake Wenza

Jumatatu, 3 Machi

Somo limekwisha kabla ya adhuhuri. Mussa kaandika sentensi tano, nne zinamhusu mbuzi wa jirani. Zuhura kaandika vizuri, mwandiko wake nauonea wivu. Nilipomwambia asome kwa sauti akaanza, "Ma... ma... ma..." Nikammalizia: maji yamejaa mtoni. Akatikisa kichwa kukubali. Tukaendelea na hesabu.

Wiki ya tatu sasa nawafundisha mwenyewe nyumbani. Zuhura ana miaka tisa na kigugumizi. Shuleni walikuwa wakimcheka akisoma, mwisho akaacha kusema kabisa. Mdogo wake Mussa, ana miaka saba, akawa anapigana na kila aliyecheka. Mwalimu mkuu akaniita. Akasema niwapumzishe nyumbani wote wawili, warudi likizo ikiisha, wapimwe. Nilikubali kabla hajamaliza kuongea.

Kusoma naweza kufundisha. Hesabu pia. Sarufi ndiyo inayonitoa jasho. Mzumbe nilikaa miaka kwenye stationeri nikichapa kazi za wanafunzi wa chuo, nimechapa tasnifu nzima za lugha bila kuelewa ukurasa mmoja.

Swaumu ya pili. Kichwa kinaniuma na nina hasira na kila mtu.

Jumatano, 5 Machi

Nimevipanga vitabu mkekani. Cha shule, ambacho Zuhura akikiona tu anajikunja. Cha Kiingereza alichonunua kaka Shabani. Na bado kuna makaratasi ya masomo ambayo Asteria, niliyekuwa nafanya naye kazi stationeri, ameahidi kunichapia. Lazima nichague kimoja na kushikamana nacho.

Haraka hii ni ya kaka. Kapiga simu leo kutoka mjini. Anakuja Idd, na atamsikiliza Zuhura mwenyewe. Asipoona mabadiliko anamchukua akasome bweni Morogoro. Anasema nimemfunika mno kwa kanga yangu, akikaa na wenzake atazoea.

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake. Salehe, mume wangu, ni mtu wa Mlali lakini miaka yote hii hapa Kinole ameshaelewa. Nilipomuuliza maoni yake alisema, "Mimi ni baba tu." Akacheka, akaenda kufunga mikungu ya ndizi.

Kaka si mtu mbaya. Anampenda. Lakini namfikiria Zuhura bwenini, anaomba maji, neno halitoki, na hakuna anayemjua. Sitaki aende. Sitaki kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Kitabu cha kaka tumekijaribu. Picha nzuri sana, theluji kila mahali. Mussa kauliza nani kamwaga unga wote ule. Tukaishia kuzungumzia unga. Nimekirudisha kabatini.

Jumatatu, 10 Machi

Makaratasi ya Asteria yamefika! Salehe kayaleta kutoka sokoni mjini, kayafunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine, yeye mwenyewe kalowa chapachapa. Mzigo mnene. Yamechapwa upande mmoja tu. Nilimwambia Asteria ni ubadhirifu, akasema mashine yao imechoka.

Kila somo limeandikwa mpaka maneno ya kusema. Mzazi sema. Mtoto rudia. Mzazi uliza. Mtoto jibu kwa sentensi kamili. Nomino wiki hii, vitenzi wiki ijayo, vivumishi baadaye. Hakuna pa kupotea. Nimeyasoma yote huku nachambua mchele na nimejisikia mwalimu kwa mara ya kwanza.

Nimechagua. Ndiyo haya.

Alhamisi, 13 Machi

Mussa anajibu kama askari kwenye gwaride. Zuhura anafumba macho, anapigapiga kisigino chini, anaanza. Nangoja kidogo. Halafu namalizia.

Karatasi inasema somo ni fupi. Kwetu linafika mpaka adhana.

Jumapili, 16 Machi

Salehe kasema mtoto ameanza kuyakimbia yale makaratasi kama anavyokimbia sindano. Nilimjibu kwamba kwao Mlali, kwa walima nyanya, wanajua kufundisha nyanya tu, watoto atuachie. Alicheka. Mimi sikucheka. Nimekaa na hasira mpaka futari, na futari yenyewe nikaizidisha chumvi.

Jumanne, 18 Machi

Amenyamaza.

Si kugugumia. Kunyamaza, kama alivyokuwa shuleni. Nikauliza swali la karatasi, akaniangalia tu, kwa upole, kana kwamba ananionea huruma. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mussa akaanza kujibu kwa niaba yake, kabadilisha na sauti ili niamini ni dada yake.

Nililia jikoni. Mussa akauliza, nikasingizia moshi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua tangu alfajiri. Tumeshinda kwa mama, nimemsaidia kumenya mdalasini, maana msimu huu gome linatoka bila ubishi. Vidole vyangu bado vinanukia.

Kelele zilikuwa nyingi. Mama na Zuhura ni wake wenza wa utani, bibi na mjukuu, wanamgombania babu tangu Zuhura ajue kutembea. Leo walikuwa nyuma ya nyumba kwenye magimbi ya futari. Nilimsikia mama akisema mume wake hali magimbi ya kuungua, hayo apelekewe mume wa mtu mwingine. Zuhura naye akijibu, Kiluguru na Kiswahili pamoja, wala sikusikiliza anasema nini. Niliona wananipotezea muda. Nikamwita aje tusome.

Akaja. Akakaa. Kimya.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeacha kufuata mpangilio. Nimechukua somo moja tu la Asteria, nimetoa sentensi nne, na hizo ndizo atazisema mbele ya mjomba wake siku ya Idd. Azikariri basi. Najua kwamba hapo sifundishi, najenga ukuta wa kumzuia kaka. Najua na naendelea.

Leo kafika sentensi ya pili. Nimembusu utosini mpaka akanisukuma.

Jumamosi, 29 Machi

Kaka kapiga tena. Ameshazungumza na shule, nafasi ipo. Anakuja na gari ili mizigo ikae vizuri. Mizigo!

Nimeshona upindo wa gauni lake la sikukuu, nikafumua, nikashona upya. Bado limepinda.

Jumatatu, 31 Machi. Idd

Naandika yote, nisije nikasahau yalivyokwenda.

Tulikwenda kwa mama baada ya swala. Babu kavaa kanzu yake nyeupe ya kuumiza macho. Kaka Shabani kaleta soda kreti nzima na biskuti za watoto. Tukakaa mkekani wote. Zuhura alimwamkia mjomba wake, "Shi... shi..." na kaka akaitikia marahaba kabla haijafika. Nikajua mambo yameanza vibaya.

Kaka hakungoja hata chakula. Akamwambia kwa upole, "Zuhura mama, njoo hapa. Mama yako anasema mmesoma sana. Haya, nisomee kidogo ya kichwani."

Akasimama. Gauni limepinda upande. Akafumba macho. "N... n..." Mussa akafungua mdomo, nikambana goti. "N... n..." Kisha ikakatika hata hiyo. Sentensi zangu nne zikapotea pale pale, na mimi midomo yangu ilikuwa inacheza, nazisema mwenyewe bila sauti kama punguani. Kaka alinitazama. Bora angekasirika. Alinionea huruma.

"Basi mama," akamwambia. "Kaa tu."

Hapo ndipo mama yangu alipoingia na sinia la pilau. Kalitua mbele ya babu, kajishika kiuno.

"Alhamdulillahi," akasema. "Leo mke mwenzangu kawa bubu. Lazima. Kaona kanzu ya mume jinsi inavyong'aa, akakumbuka nani kaifua."

Zuhura akageuka. Nilimwona shingo inavyosimama.

"U... umeifua wewe," akasema, "la... lakini aliyeipiga pasi ni mimi! Na ya mwaka jana u... uliiunguza wewe, mume wangu akaenda msikitini na t... na t..."

Ikanasa. Ikanasa haswa. Kaka akainua mkono, nafikiri alitaka kumsaidia, na mama akamgeukia na upawa.

"Wewe Shabani, ya wake wenza hayakuhusu!"

Kaka akashusha mkono. Mwanaume mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, mwenye neno la mwisho kwa ukoo mzima, akanyamaza. Maana ni kweli, utani wa bibi na mjukuu hauingiliwi na mtu. Mume pia haruhusiwi, babu alikuwa anakula pilau lake macho chini. Sisi wote tukangoja. Sikuwahi kungoja hivyo maishani. Mama alikuwa kajiinamisha mbele, kakodoa macho, anaitaka ile sentensi kwa hamu, maana bila sentensi ya Zuhura na yeye hana la kujibu.

"... na t... na tundu mgongoni! Kama d... dirisha! Watu wote wakamwona mbavu!"

Watu tulivunjika kwa kicheko. Babu akapaliwa na wali. Kaka alicheka mpaka akavua kofia kujifutia macho. Mama hakucheka, sheria hairuhusu. Alisema mbavu zile zilikonda kwa mapishi ya mke mdogo. Zuhura akamjibu tena. Na tena. Alinasa mara nyingi na kila mara akatoka upande wa pili, na pilau likapoa.

Jumanne, 1 Aprili

Kaka kalala hapa, kaondoka leo. Nilimsindikiza mpaka alipoacha gari, barabara matope. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba. Sikuyatumia.

"Mdogo wangu," akasema, "yule mtoto ana maneno kuliko mimi. Na bweni hakuna bibi." Akafungua mlango, akaufunga tena. Akasema anapitia kwa mwalimu mkuu kabla hajashuka mjini, amwambie kwamba mpwa wake akiulizwa swali asubiriwe. Kwa jinsi nimjuavyo, hakumwomba. Alimwarifu.

Nilirudi peke yangu nikilia njia nzima, na leo hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimejaribu kumtania Zuhura mwenyewe. Nilimwambia ugali wake unafaa kujengea nyumba. Akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Sa... samahani mama." Akaenda kusonga mwingine!

Hapana. Mama na mwana hawana utani. Kile anachopewa na bibi yake, mimi siwezi kumpa, hata nikifundishwa na maprofesa. Imeniuma. Nimeona wivu kwa mama yangu mzazi, na najiona mjinga kwa kuona wivu, na bado naona.

Jumanne, 8 Aprili

Utaratibu wetu mpya. Asubuhi kwa mama. Nakaa pembeni kidogo namenya mdalasini wangu, nasikiliza, sentensi nzuri naziandika. Mussa naye anagombana na babu, maana bibi humwita yeye "mume wangu" na babu anadai fidia. Tukirudi nyumbani tunazitandaza hizo sentensi mezani. Nani kafanya? Kafanya nini? Kanzu gani? Wanapata nomino, wanapata vitenzi. Vivumishi ndiyo usiseme, mama yangu anavyo vingi na si vyote naweza kuviandika.

Tunaandikia nyuma ya makaratasi ya Asteria. Ile mashine yao mbovu imetusaidia kweli.

Nimejiwekea sheria moja tu. Nikitaka kumalizia neno lake, nabana ulimi kwa meno. Leo ulimi unaniuma.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua imekatika mchana. Milima imeonekana hadi juu. Sare zimekauka, nimezipiga pasi, viatu vya Mussa vimegoma kuingia kwa hiyo atavaa vya dada yake vya zamani. Kesho wanarudi shule. Naogopa kidogo. Salehe anaogopa zaidi, kawaulizia madaftari mara kadhaa na yapo pale pale anapoyaona.

Nilikuwa nakuna nazi. Zuhura akaja akasimama mlangoni na karatasi mkononi. Alisema ameandika sentensi moja ya kwangu, si ya bibi. Nikamwambia aisome.

Akafumba macho. Kisigino kikapiga sakafu. "Ma... ma..." Nilisimamisha mikono. Mboga ilikuwa inachemka, nikaiacha ichemke. Kuku akaingia, akazunguka, akatoka. "Ma... mama..." Nikangoja.

"Mama a... ananisubiri."

Nikaipokea karatasi. Kulikuwa na kosa dogo la nukta mwishoni, sikuligusa. Kisha nikaiepua mboga, ilikuwa imeanza kushika chini, na tukala hivyo hivyo.