Kaka Hamisi, Usije Kunichukua

Mbale, mtaa wa Namatala

Kaka yangu mpendwa Hamisi,

Assalaam alaykum. Nianze na mama. Magoti yake yamepata nafuu, au baridi ya Nakuru bado inamsumbua? Na wewe, kile kikohozi cha vumbi la karakana ya reli kimekuacha? Mimi ni mzima. Sabuni na sukari ni adimu huku, na chumvi tunagawana kwa kijiko, lakini ndizi zipo na kazi ipo.

Barua hii nimempa dereva wa lori, Mkenya mwenzetu anayepitia Mbale, akukabidhi mkononi. Barua za posta husomwa na watu wengine kabla ya mwenyewe, na leo nataka kusema bila kupinda.

Umeniandikia kwamba mmesikia mambo ya Uganda, kwamba umeshapaka chokaa chumba cha nyuma, na kwamba mwisho wa mwezi unakuja kunichukua. Kaka, sirudi. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Kwanza nikiri uongo wangu. Yale makao ya walemavu ya Jinja, ulikonipeleka nikajifunze cherehani, yalifungwa zamani, nami nikaendelea kukuandikia kana kwamba bado niko huko. Wafadhili waliondoka nchini, na msimamizi akatuita uani akasema kila mtu aandike kwao aje achukuliwe. Niliandika barua kwako. Ilikaa siku nne chini ya mto, halafu nikaiwashia jiko. Nilijua ungekuja, nawe ungenibeba mgongoni kama ulivyonibeba kwenda chuo cha Kurani utotoni, na huo ungekuwa mwisho wangu wa kufungua mlango kwa ufunguo wangu mwenyewe.

Hatukurudi makwetu. Wenzetu wachache walipanga nyumba palepale Jinja, karibu na soko, na ndio wanaonitumia barua zako. Sisi wengine tulikuja huku Mbale na Wandera, fundi viatu ambaye mguu wake mmoja ulibaki kwenye mashine ya kiwanda. Tulipata nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza. Tuko kumi na mmoja. Wandera na wanaume wawili wanakata viatu vya matairi, na siku hizi viatu vya dukani havipatikani, basi hata walimu wanavaa vyetu. Mimi nashona kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Nambozo, mama asiyeona, anasuka mikeka na kutunza stoo. Chama ni chetu. Mwenyekiti ni Wandera, mwandishi ni mimi, na anayetaka kutusaidia anatuuliza kwanza tunataka nini.

Sasa nikueleze yaliyotupata mwezi uliopita, maana najua utayasikia kwa wengine yakiwa yameongezwa chumvi.

Ilikuwa mchana, siku ya soko. Lori la jeshi lilisimama mbele ya baraza, akashuka ofisa mmoja na askari sita.

"Nyinyi watu ya hapa," akasema, "serikali inaonea nyinyi huruma. Wote wasiojiweza wanapelekwa kambi. Mtakula bure, mtalala bure. Pandeni gari."

Wandera aliendelea kupiga msumari mpaka ukaingia wote. Kisha akasema, "Afande, wewe uliza sisi kwanza kama tuna njaa."

"Mkubwa yenu wapi? Mimi nataka mkubwa yenye miguu."

"Mkubwa ni mimi. Mguu ni hii moja."

Ofisa akarudia amri kwa sauti ambayo soko zima lilisikia. Hapo Wandera akatugeukia, akasema polepole kwa Kiswahili, ili nao wasikie, "Mpeni Nambozo magongo yote."

Tulielewa. Magongo yakapita mkono kwa mkono, yangu yakiwa ya tatu. Nambozo akayaingiza stoo, akapiga kufuli, akautia ufunguo kifuani, akaketi juu ya mkeka wake.

"Afande," Wandera akasema, "sasa sisi hatuwezi kutembea. Kama mnataka sisi, bebeni mgongoni, moja moja."

Watu walikuwa wameacha ndizi zao wakasogea. Askari walitazamana. Mmoja wao alikuwa amevaa buti ambazo Wandera alizitia soli wiki ile ile, naye alikuwa akiangalia chini. Hakuna aliyetaka kuonekana barabarani amembeba mwanamke kiwete anayepinga. Ofisa aliona aibu inamjia. Akaamuru Wandera peke yake atupwe ndani ya lori, wakaondoka naye.

Siku tatu hatukujua aliko. Nilitaka tufunge mlango tujifiche. Nambozo akatoa magongo stoo, akagawa, akauliza, "Nani alisema leo si siku ya kazi?" Tulimchagua yeye kukaimu kiti palepale, sindano zikiwa mikononi, kwa kuwa mikutano imekatazwa na kushona hakujakatazwa. Nikaandika kwenye kitabu cha chama. Kitabu hicho ninakinakili, na nakala yake iko kwa wenzetu wa Jinja. Huku siku hizi mtu hupotea hivi hivi, kwa hiyo tumekubaliana kila mmoja amfundishe mwenzake anachokijua. Nambozo ameanza kupiga misumari, na mwanamume mmoja wa viatu anajifunza cherehani yangu. Wakimchukua mmoja wetu, chama kibaki.

Wandera alirudi nyuma ya baiskeli ya muuza kuni, uso umevimba, na meno mawili hayapo. Alikunywa chai isiyo na sukari, akataka nyundo yake.

Lori halijarudi. Yule ofisa wanasema amehamishwa, wala sijui kama ni kweli. Huenda atakuja mwingine. Akija atatukuta barazani, na Nambozo bado ana kufuli.

Kwa hiyo usinichukue, kaka. Njoo kunitembelea. Ukishuka stendi, uliza wanapotengeneza viatu vya matairi, hata mtoto wa chekechea atakuonyesha. Utalala chumbani kwangu, nitakupikia mimi, na hutabeba mtu. Kile chumba ulichopaka chokaa mpe binti yako mkubwa asomee.

Msalimie sana wifi yangu. Wape salamu watoto wote, na mwalimu wetu wa chuo, mwambie bado nashika nilichofundishwa.

Mama msomee haya mwenyewe, taratibu. Kuna mwanamke tulimtoa kwenye nyumba moja kule Wanale, alikuwa amelazwa kitandani humo tangu utoto, ana umri kama wangu. Wiki hii nimemfundisha kukaa kwenye kigoda na kujiogesha. Jana alinifukuza bafuni, akajifungia, na alikaa humo mpaka maji yakapoa, akiimba.

Ni mimi mdogo wako,
Rehema
Mwandishi wa chama