Maharage ya Mama Yako

Nyumbani kwa Fundi Saa,
Nyumba ya pili nyuma ya stesheni.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Chiriku,

Niwie radhi kwa kimya changu. Barua zako zilinifikia zote, ila sikutaka kukujibu kwa habari nusunusu. Hujambo, mwanangu? Mumeo hajambo? Mjukuu wangu ameacha kunyonya kidole? Sisi hatujambo. Goti langu hunisumbua asubuhi, lakini likishapata jua hutii. Jambo dogo kabla sijaendelea, maana ualimu haunitoki: barua moja yatosheka na alama moja ya mshangao. Wewe huitia kila mstari.

Uliniomba nisikufiche hali ya baba yako. Sikufichi. Tangu mama yako atutoke, baba yako alikuwa hali chakula. Aliketi mezani, akageuzageuza kijiko, akashukuru kwa adabu zote, kisha akarudi kwenye saa anazotengeneza. Mkanda wa suruali ulitobolewa matundu mapya. Ndiyo sababu nilifunga nyumba yangu nikahamia hapa.

Unajua pia kwamba alikusudia kuiuza nyumba hii aje kwako. Dalali alikwisha kuja, akapima vyumba na kugonga kuta kama daktari agongavyo kifua cha mgonjwa. Nami niliunga mkono. Niliona heri akae na mjukuu kuliko kuzungukwa na vyombo vya marehemu.

Sasa habari ya maharage. Mimi sijaunguza sufuria tangu nikabidhiwe mwiko. Wifi yangu, Mungu amrehemu, hakumaliza wiki bila kuunguza, na sababu unaijua. Akishainjika maharage, hutoka uani "mara moja tu", akauegemea ukuta, na yule mshonaji wa upande wa pili akauegemea kwake, basi tena. Hadithi ikinoga, sufuria inakauka. Mlikula maharage ya moshi utoto wenu wote, mkadhani ndivyo yalivyoumbwa.

Nilimpikia baba yako maharage laini, yenye mchuzi mzito. Akaonja, akayasifu, akaweka kijiko chini. Nikamuuliza kama ni mazuri, mbona hayali.

"Dada," akanijibu, "haya ni maharage ya watu."

Nilikasirika, lakini nilimwelewa. Kesho yake nikaamua kuyaunguza kwa makusudi. Nilisimama mbele ya jiko, mikono kiunoni, nikayatazama yakikauka, nikayaepua nilipoona yametosha. Yalikuwa machungu kama dawa. Paka wa mshonaji aliyanusa akaenda zake. Baba yako alitabasamu kidogo, lakini hakula.

Jumatano iliyopita mshonaji akaniita ukutani. Tangu msiba alikuwa hasimami hapo. Hutupa salamu akaingia ndani. Alitaka kurudisha bakuli la mama yako. Nilikuwa nimeinjika maharage, nikatoka kulipokea tu. Akaanza kunisimulia jinsi yeye na mama yako walivyokwenda harusini, wakala, wakamsifu bibi harusi, wakapigwa hata picha, ndipo wakagundua kwamba harusi waliyoalikwa ilikuwa ukumbi wa pili. Mimi si mtu wa soga, unanijua. Siku hiyo mbavu ziliniuma kwa kicheko hata nikaushika ukuta.

Ndipo sauti ya baba yako ikatoka chumba cha mbele, kali, kama ya siku zote:

"Mama Chiriku, sufuria!"

Tukatazamana. Nilijua kwamba naye kule ndani amejisikia alivyoita. Mshonaji akanigusa bega.

"Kimbia, Mwalimu," akaninong'oneza. "Mwenzio angekuwa amekwisha kufika."

Nikakimbia na goti langu. Nikayamwagia maji ya moto bila kukwangua chini, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Nilipogeuka, baba yako alikuwa mlangoni, kile kioo chake cha kukuzia bado kimebanwa jichoni na machozi yanapita chini yake. Alichukua sahani mwenyewe. Alikula, akaongeza, akadai na ukoko. Bakuli lililokuja kurudishwa likavuka ukuta tena, safari hii limejaa.

Tulidhani tunamsaidia kwa kunyamaza. Tulifunga dirisha la uani, tukashusha sauti, tukampikia chakula kisicho na kosa. Kumbe tulimwondolea mkewe mara ya pili.

Simkatazi kuja kwako, wala usinielewe vibaya. Nimemwambia tu asitie saini popote kwanza. Jana dalali alipopita, aliambiwa kuna saa ya mteja ya kumaliza, arudi wiki ijayo. Na leo asubuhi nimemkuta baba yako amechambua maharage na kuyaloweka, kisha amepeleka kigoda uani, kando ya ukuta. Nilipomuuliza, alisema kigoda ni kwa ajili ya goti langu.

Msalimie sana mumeo, na mama mkwe wako, na umbusu mjukuu wangu kidole chochote asichokinyonya. Baba yako anakusalimu. Mshonaji naye anakusalimu, anasema ile hadithi ya harusi ina sehemu ya pili. Nimekataa kuiandika, utaisikia kwake mwenyewe. Mungu aijalie meza yako chakula na watu wa kugombea ukoko.

Akikata shauri, kubaki au kuja, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Ni mimi nikupendaye bila kukudekeza,

Shangazi yako