Nani Anamchotea Mwende Maji?

Griftu, Wajir Magharibi
Jumapili, baada ya ibada

Ndugu yangu Musyoka,

"Ukimhudumia aliyeanguka kabla hajatubu, unamtandikia godoro ndani ya dhambi yake." Ndivyo ulivyoniambia kwenye simu Jumatano, kwa ile sauti yako ya mzee wa kanisa, kisha ukakata kabla sijajibu. Basi jibu langu linakuja kwa mkono wa fundi Mutua anayerudi nyumbani likizo, kwa sababu karatasi haikatwi katikati ya sentensi. Na jibu lenyewe ni hili: mwanamke aliyejifungua juzi anahitaji godoro. Analo? Mmekwenda kuona?

Lakini Mwaitu, mama yetu, hakutulea tugombane kabla ya kusalimiana. Hujambo? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Mbaazi zimeshika, au mvua imewadanganya tena? Mimi ni mzima. Jua la huku halina adabu, saa nne asubuhi chaki inaniteleza mkononi kwa jasho, lakini wanafunzi wanasoma na mimi bado nina sauti ya kuwafokea. Na Mwaitu, magoti yake yanasemaje?

Hilo la magoti siulizi kwa salamu tu. Shangazi ameniambia kwamba Mwaitu anateremka mtoni mara mbili kwa siku, anafukua mchanga, anakinga maji kwa kibuyu mpaka mtungi ujae, halafu anapanda nao kilima peke yake. Mwende hawezi bado. Na akina mama wa kanisa hawajakanyaga pale, kwa kuwa ninyi wazee mmewakataza wasiende kumwona mtoto asiye na baba. Lini kwetu mwanamke alijifungua na njia ya kwao ikakosa wanawake waliojitwika kuni na unga? Shangazi anasema Mwende amekwisha funga nguo zake. Anangoja tu aweze kutembea bila kushika ukuta, kisha amchukue mtoto aondoke, asijue aendako, ili Mwaitu asiendelee kutengwa kwa ajili yake. Ndilo linaloninyima amani, Musyoka. Tuko karibu kumpoteza dada yetu, na tunaita jambo hilo nidhamu.

Hoja ya nidhamu naijua na siidharau. Kanisa lisilokemea hugeuka kuwa chama cha mazishi. Haya, mkalisheni benchi ya nyuma, mnyimeni meza ya Bwana. Hayo mtayajibu wenyewe siku yenu. Ila nionyeshe kanuni inayosema maji ya uji wa mzazi ni sakramenti. Nionyeshe pale Msamaria alipomhoji yule majeruhi kwa nini alipita njia ile peke yake. Bwana mwenyewe aliinama akaosha miguu ya wanafunzi wake, na mmoja wao alikuwa na miguu iliyokuwa inajiandaa kwenda kumsaliti. Alijua. Akaiosha, akaikausha. Wewe unamjua Mwende kuliko Bwana alivyomjua Yuda?

Usidhani nakuhubiria kutoka mlimani. Nikueleze aibu yangu.

Miezi mitatu iliyopita jirani yangu Habiba alijifungua. Tunatenganishwa na ua wa miiba tu. Mumewe alikuwa amekwenda na ngamia kuelekea Buna kufuata majani, nyumbani yupo mama mkwe peke yake, bibi kizee tunayemwita ayeyo, yaani bibi kwa Kisomali. Nikafanya kama Mwaitu alivyotufundisha. Nikamkamata jogoo wangu, nikamchinja, nikampika kwa vitunguu na nyanya, nikavaa shati la kanisani, nikaenda na sufuria mikononi.

"Asalaam aleikum, ayeyo. Nimemletea mzazi kuku."

"Waleikum salaam, mwalimu." Akafunua kifuniko, akanusa, akatabasamu. Kisha tabasamu likasimama. "Hii kuku, nani alikata?"

"Mimi mwenyewe," nikasema kwa fahari.

Akafunika sufuria polepole, kama mtu anayefunika uso wa marehemu. "Bole, mwalimu. Bole sana. Hii kuku imekufa bure."

Musyoka, nimeishi na Waislamu miaka tisa. Nimesoma vitabu vya dini yao kuliko baadhi ya majirani zangu. Ninajua kwamba nyama ambayo hakuichinja Mwislamu haiingii nyumbani mwao. Hata mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angeniambia. Nilijua na sikukumbuka, kwa kuwa njia nzima nilikuwa nautazama wema wangu, simtazami anayepelekewa. Na badala ya kuomba radhi nikaanza kujitetea. Nia ndiyo muhimu, nikamwambia. Nikaenda mbali, unanijua. Akaniacha nimalize.

"Mwalimu, mdomo ya kufundisha uko nayo kubwa. Ya kuuliza, uliacha wabi?"

"Sasa niulize nini, ayeyo?"

"Uliza kama maji iko."

Nikauliza. Hayakuwako.

Jumapili nikalisimulia kanisa, nikitegemea kuhurumiwa. Kanisa letu ni watu kumi na wanne katika darasa la kuazima. Muuguzi wetu, Mama Nekesa, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu, si ungempeleka akiwa hai! Wamchinje wenyewe, wewe ubaki na sifa!" Kisha akapangusa macho akauliza, bila kucheka tena, "Na maji anawachotea nani?" Sajini wa polisi tunayesali naye, ambaye katika kwaya ndiye sauti yetu yote ya nne, akasema ana mkokoteni. Tukapanga zamu kabla ya wimbo wa mwisho.

Wanawake kule kisimani walimwona sajini akivuta mitungi wakapiga vigelegele vya dhihaka: "Leo afande amekuwa bunda!" Naye anaitikia, "Punda wa Bwana, akina mama, nipisheni!" Siku arobaini, Musyoka, kwa maana huku pia mzazi hukaa ndani siku arobaini na hatakiwi kuinua kitu. Na usifikiri sisi kumi na wanne ni malaika. Yumo anayelewa kila mwisho wa mwezi. Yumo mama anayeishi na mwanamume ambaye hawajafunga ndoa. Mchungaji anayetujia mara moja kwa mwezi huwaambia wazi, na hawachukii. Lakini kwenye zamu ya maji hakuna aliyekaguliwa mwenendo, si mbebaji wala mpokeaji. Yule mlevi ndiye hakukosa zamu hata moja. Mimi nilikosa mbili.

Siku ya arobaini walitualika. Ayeyo akaniwekea nyama mbele yangu kwa mkono wake. "Kula, mwalimu. Hii mbuzi ilikatwa na mtu anajua kazi." Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Halafu akamchukua mtoto akanilazia mapajani, bila kuniuliza kama najua kubeba. Alikuwa mzito, amefukizwa ubani, akanishika kidole hiki ninachoshikia kalamu.

Hapo nikamkumbuka Mwende. Siku aliponipigia kuniambia ana mimba, nilimhubiria mpaka simu ikapata moto sikioni. Nilimtajia aya. Nilimtajia jina la marehemu baba. Sikumwuliza kama amekula. Alipopata nafasi alisema tu, "Asante, kaka," na hajanipigia tena tangu siku ile. Kwa hiyo ninapokukemea, jua kwamba nimekwisha jikemea kwanza, nikiwa na mtoto wa watu mapajani na machozi ambayo ayeyo alijifanya hayaoni.

Mwende nimemwandikia karatasi yake. Haina fundisho hata mstari mmoja. Nimemwomba msamaha, nimemwuliza kama anapata usingizi, na mtoto amefanana na nani. Mpelekee bila kuifungua.

Mwambie Mwaitu mwanawe wa kwanza anamsalimu na kwamba likizo ya Agosti nitakuwa nyumbani, mtoni nitateremka mimi. Msalimie shangazi, na usithubutu kumkaripia kwa kunipa habari. Mtu aliyeona moto na kupiga kelele hana kosa. Msalimie mjomba wetu wa ng'ambo ya mto, umwambie simulizi la jogoo, atalipenda. Wasalimie binti zako. Na mke wako mpe salamu za peke yake, kwa sababu ninamjua: unga wa kumpelekea Mwende ameshasaga zamani, wewe ndiye uliyemzuia mlangoni.

Sasa nisikilize, wewe na mwenyekiti wa akina mama, ambaye najua utamsomea barua hii kutafuta wa kukuunga mkono. Mama mwenyekiti, shikamoo. Ninyi wawili mna punda watatu. Siku mtakapoipata barua hii, kabla hamjaitisha kikao, kabla ya sala ndefu, watandikeni wote. Teremkeni mtoni ninyi wenyewe, msitume mtu. Fukueni mchanga, jazeni mitungi, mpandishe mpaka kwa Mwaitu. Mkifika mlangoni msitaje toba. Bisheni hodi, na mkikaribishwa, mwulizeni Mwende anataka maji yake yawekwe wapi.

Kaka yako anayekupenda hata akikufokea,
Kioko