Jumatatu ya Mama Iliyoonekana Jumapili

Vancouver, Canada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Goti bado linakusumbua? Na migomba ya nyuma ya nyumba imesimama baada ya ule upepo? Mimi ni mzima, nakula, ila wali wa huku usiniulize.

Kaka Lusajo amenieleza yote. Nilikasirika mpaka nikalia. Wewe uliyewakataza akina mama wa kanisa kupima kakao Jumapili, leo unaambiwa umepima Jumapili, na uenyekiti wao wa akina mama wamekusimamisha kwa sababu ya ujumbe wa simu wa siku ya kupima kutoka chama cha ushirika!

Sasa sikiliza. Lusajo alinitumia picha za ujumbe wako na wa majirani zetu hapo Ikolo. Waliopima asubuhi wote wameandikiwa Jumapili, waliokuja mchana wameandikiwa Jumatatu. Nilicheka peke yangu jikoni. Mama, umeponzwa na kuamka mapema!

Programu za biashara ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nikampigia karani wa ghala la ushirika. Kompyuta inayotuma ujumbe wao iko huku ninakoishi. Ulipokuwa unapima Jumatatu asubuhi, huku ilikuwa bado Jumapili usiku. Muda uliohifadhiwa ni sahihi kabisa, ila kompyuta ikiuonyesha inausoma kwa saa za huku. Karani akabisha: "Dada, kompyuta haiwezi kudanganya."

"Jumapili ulifungua ghala?"

"Hapana, nilikuwa kwaya. Ee, ndaga fijo, asante sana, dada!"

Wenye programu wamesharekebisha, sasa inasoma saa za Kyela. Wote mtapata ujumbe upya, na karani ameahidi kusimama kanisani Jumapili hii aeleze.

Lusajo anasema hukitaki tena kiti, eti waliokusema wakikalie wao. Mama, hasira zako nazijua, ninazo mimi pia. Lakini rudi. Wale wanawake wanakuhitaji, na wewe bila wao utaongea na migomba.

Nisalimie baba mdogo kule Njisi, na wifi yangu, mke wa Lusajo. Mwambie mchele alioniahidi bado nausubiri.

Ibada ikianza, huku itakuwa bado Jumamosi. Lusajo anipigie na aiache simu wazi mpaka mwisho. Nataka kusikia mwenyekiti akiitwa, na sauti yako ikiitika.

Binti yako akupendaye,
Atupele