Kwa Gibson Mwasomola, Aliyesema Amina Pale Tandika

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Bupe, tangu sauti yako iliponyamaza, na nyumba bado haijatulia.

Waliokuja kutupa pole walituambia tusubiri mwaka upite. Umepita. Mwanao Brightson bado anainuka mezani kabla hajamaliza kula, anatoka uani, anarudi, anakaa, anainuka tena. Mimi nashona mkono wa gauni, naufumua, naushona upya. Wateja wamezoea. Wananiambia tu, "Mama Bupe, gauni la harusi hilo, harusi yenyewe isije ikapita."

Kinachotusumbua zaidi wiki hizi ni jambo la Bupe. Binti yako mkubwa anataka kusimama pale kijiweni Tandika, mahali ulipokuwa unahubiri, Jumamosi hii ya kumbukumbu yako, aseme yale uliyokuwa unasema. Ni mtu mzima, ni mwalimu, ana mume wake. Angeweza kwenda bila kuniuliza. Lakini ameniomba ruhusa, na aliyeombwa ruhusa lazima ajibu. Nimekaa na jibu lake muda mrefu kuliko inavyofaa, kwa sababu naogopa watu wa pale watamfanyia walichokufanyia wewe.

Wasiokufahamu na wakufahamu kidogo. Ulitoka Tukuyu ukiwa kijana, ukawa karani wa kukagua makontena kule Kurasini, na kazi hiyo uliifanya mpaka mwisho. Jioni ulishuka Tandika badala ya kuja moja kwa moja nyumbani Mtongani. Ulivua kizibao chako cha bandarini kile cha kung'aa, ukakikunja vizuri na kukitia kwenye mfuko, kwa sababu ulisema kampuni haikukutuma kuhubiri. Ulikula yai moja la kuchemsha na pilipili, ukafuta mdomo, ukafungua Biblia. Hukuwa mchungaji wala mwinjilisti wa kuajiriwa. Ulikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti nyembamba, na labda ndiyo maana watu walikuona wa kuchezewa.

"Mtumishi, shusha! Umefika kituo!"

"Mzee, sadaka tunatuma kwa namba gani?"

"Sadaka yako ni masikio, mwanangu."

"Masikio nimeyaacha nyumbani, bana!"

Ulicheka nao. Siku nyingine ulirudi na koti limelowa maji ya kuoshea vyombo, ukanipa nilianike, ukaniuliza chakula ni nini. Nilikuwa nakasirika kwa niaba yako. Wewe ulisema aliyekumwagia maji angalau amesimama karibu, na aliye karibu anasikia.

Ulisimama mbele ya duka la Da Badriya, ambaye baba yake alilifungua duka lile kabla barabara haijawekwa lami. Hakupenda kelele zako na hakukuficha. "Baba Bupe," alikuwa anakwambia, "huyo Mungu unayemwita si kiziwi. Mteja wangu anaomba sukari, mie nasikia Farao." Ulipunguza sauti. Adhana ilipoanza ulizima spika, ukakaa kwenye benchi lake, mkaongelea bei ya mchele. Adhana ikiisha ulisimama na kuendelea na sentensi pale pale ulipoiachia, na ndipo Da Badriya alipokuwa anacheka peke yake nyuma ya mizani.

Ile spika nayo. Uliinunua kwa kijana aliyekuwa anapita mitaani akiuza dawa ya panya. Hukujua kuwa tangazo lake limebaki ndani. Siku ya kwanza, katikati ya mahubiri ya toba, ukabonyeza kitufe kisicho chako, ikalia mtaa mzima: "Panya, mende, kunguni, wote wanakufa! Hawarudi!" Bodaboda walilala juu ya pikipiki zao kwa kucheka. Kuanzia jioni ile wakakuita Mzee Mende, nawe ukawa unaitikia.

Hayo yalikuwa matusi mepesi. Uzito ulikuja baadaye, na ulianza na neno moja.

Pale ilikuwa desturi kwamba mtu akiguswa anapita mbele, anasimulia alivyotendewa, mhubiri anaitikia amina, na waliosimama wanapiga makofi. Jioni moja alipita mama mmoja muuza mboga aliyekuwa anaugua kisukari. Akasema ameombewa mahali fulani, si kwako, na sasa anajisikia mzima. Akasema vidonge vyake amevitupa chooni. Nawe ukasema amina. Uliitikia kama mtu anavyoitikia marahaba, bila kusimama na neno lenyewe. Makofi yakapigwa. Ukaendelea na somo.

Mama yule alifariki kabla ya mvua za masika kwisha. Hukujua. Mwanawe, Allen, ni dereva wa bodaboda wa kijiwe kile kile, mmoja wa wale waliokuwa wanacheka kwa Mzee Mende. Akaacha kucheka, na hilo nalo hukujua sababu yake.

Siku aliyokurushia jiwe nilikuwa dukani kwa Da Badriya, nimefuata uzi. Nilimsikia kabla sijamwona. "Sema amina! Mwambie na mama yangu sasa, huko aliko! Mwambie amina!" Kisha nikakuona umeshika jicho, damu inapita kati ya vidole. Da Badriya akatoka na barafu kwenye mfuko wa nailoni. Watu walikuwa wamekwisha kumkamata Allen, na unajua watu wa mjini wakishamkamata mtu. Mmoja alikuwa ameokota tofali.

Ndipo ukafanya jambo ambalo hukuwahi kulifanya. Ukaifungua spika mpaka mwisho. "Mwacheni! Ana kesi na mimi. Mimi sina kesi naye. Mwacheni!"

Walimwacha. Hukwenda polisi. Ulikwenda kuuliza kwa majirani wa mama yule, ukarudi, ukakaa kitandani na viatu vyako miguuni. Nikakuuliza mambo gani. Ukasema, "Mama Bupe, nilisema amina mahali pa kusema ngoja."

Tulidhani basi, hutarudi tena pale. Ulirudi, na bandeji juu ya jicho, ukawaambia wote waliokuwepo: mama yake Allen alisimama hapa akasema ametupa dawa, mimi nikamwitikia. Ilinipasa nimwambie, ngoja mama, rudi hospitali, na Mungu atakwenda nawe huko huko. Sikusema.

Kuanzia hapo ukajichukia? Sijui, hukuniambia. Ninachojua ni kwamba walipata neno jipya la kukuzomea, na lilikuwa baya kuliko Mende. "Muuaji kafika!" Wahubiri wenzako nao hawakukuvumilia. Mmoja alikuja mpaka nyumbani, akakataa chai, akasema, "Mzee Gibson, unaizima imani ya watu. Unawapa maadui maneno ya kutusema." Wakahamia kona nyingine. Ukabaki peke yako, na kila jioni, kabla hujafungua Biblia, ulianza hivi: "Ukiombewa, meza dawa zako. Dozi ni dozi. Anayekuombea asikuzuie kumeza, na anayekutibu asikuzuie kuomba." Halafu ndiyo unasoma.

Ulianguka kazini Kurasini, kati ya makontena, miezi mingi baadaye. Daktari alisema ni presha. Wapo wanaosema ni jiwe lile. Mimi sijasema ni jiwe, na sijasema si jiwe. Nikilala upande huu nawaza hivi, nikigeuka nawaza vile.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini Bupe alipouliza nilishika uzi na sindano. Kaka yako Ferdinand anasema haifai, mtoto wa kike kwenda kuitwa binti wa muuaji mbele za watu. Brightson anasema kama ni kwenda twende wote, na mtu akinyanyua mkono atakiona. Hilo ndilo linanitisha kabisa.

Wiki iliyopita nilitoka bila kuaga, nikaenda Tandika mwenyewe. Mahali pako anasimama mtu anayeuza makava ya simu. Allen alikuwa juu ya pikipiki yake. Aliponiona alishuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unanifahamu?"

"Nakufahamu."

Nikamwambia Bupe anataka kusimama hapa Jumamosi. Akachukua kitambaa, akafuta tangi la pikipiki lililokuwa safi.

"Atazomewa, mama. Hapa hata mwenyekiti wa mtaa anazomewa."

"Na wewe?"

"Mie sijui. Sitaki kukudanganya. Mzee sijamsamehe."

"Basi asije."

"Sijasema asije, mama." Abiria akamwita, akamwashiria asubiri. "Yule mzee akianza na ile yake ya dawa, nilikuwa nazima pikipiki nisikie. Kuna bi mkubwa wa pale gengeni, aliisikia akarudi kliniki. Yupo, anauza nyanya mpaka leo. Mama yangu hakuisikia. Sasa huyo dada akija, aanze na hiyo. Akiiruka, nitampigia honi mpaka aondoke."

Kisha akamchukua abiria wake.

Sikupata faraja, Baba Bupe, ila nilipata jibu. Pale kuna mtu mmoja angalau ambaye hajatusamehe na bado anataka neno lako lisemwe. Nilirudi nikamkuta Bupe anamenya viazi, nikamwambia nenda. Akaacha kisu akanitazama. Sikumwambia asiogope, maana mimi mwenyewe naogopa. Nilimwambia aanze na dozi ni dozi, na mtu akitoa ushuhuda asiitikie upesi. Asikilize mpaka mwisho, na pakihitaji ngoja, aseme ngoja. Brightson atabaki nyumbani na wageni. Amekasirika, lakini amekubali. Mimi nitakwenda.

Ibada ya kumbukumbu itakuwa nyumbani Mtongani, Jumamosi asubuhi, na chai itakuwepo. Jioni Bupe atasimama Tandika, mbele ya duka la Da Badriya, ambaye ametuomba jambo moja tu, spika isizidi. Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzako wa Kurasini wanakaribishwa kote kuwili. Wenye kutaka kuuliza, waulize. Wenye kutaka kuzomea, tunawaomba wamwache amalize sentensi kwanza.

Unakumbukwa na mkeo Tupokigwe. Wanao Bupe na mumewe Revelian, na Brightson. Kaka yako Ferdinand. Dada zako walioko Tukuyu. Wajukuu zako, ambao bado wanakuita Mende kwa upendo. Na wazee wenzako wa kanisa.

Utakumbukwa daima, Baba Bupe. Na Jumamosi tukizomewa, tutakukumbuka huku tukizomewa.