Nilimtoa Mume Wangu kwa Nyavu Mbili

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimempeleka mume wangu Giakanja kwa nyavu mbili na sasa sijui nimrudishe au nimwache. Mimi ni meneja wa timu ya mpira wa kikapu hapa Skuta, na katika ligi yetu mchezaji halipwi pesa, analipwa maziwa kutoka kwa wafugaji wanaotudhamini, na kila timu ina kikomo cha lita thelathini kwa wiki, ili wenye ng'ombe wengi wasikusanye wachezaji wote wazuri. Mume wangu Ayub ndiye mkongwe wetu, fungu lake lilikuwa lita sita, na magoti yake, mshauri, hata wewe huko Tetu ungeyasikia yakilia. Sasa Njiru, yule kijana mrefu kutoka Embu ambaye akisimama chini ya goli ni kama anachuma parachichi, mkataba wake umeisha, yuko huru kuchezea yeyote, na anataka lita sita, nikapiga hesabu nikaona wa kuondoka ni Ayub, Giakanja wakakubali kumchukua, wakatupa nyavu mpya mbili za goli.

Nilitangaza kwenye kikundi cha WhatsApp cha timu huku nikimpakulia githeri. Simu yake ikalia, akasoma, akaweka kijiko chini, akaniuliza polepole, "Mama Aaliya, nyavu mbili? Hata mpira hawakuongeza?" Nikamwambia ni mambo ya kikomo, si ya moyo. Akasema, "Haya. Lete chumvi."

Nilidhani atanuna. Giakanja wamemfanya nahodha, anaamka akiimba, analeta lita saba nyumbani, na nikimwuliza mazoezi yalikuwaje ananijibu, "Meneja, hizo ni siri za kambi." Binti yetu Aaliya tayari anavaa jezi ya Giakanja. Naye Njiru nilipompigia kumwambia nafasi iko, akasema, "Sawa mathe, lakini ni Ayub atakuwa ananipa mpira, ama?" Nikamwambia Ayub alihama. Akasema, "Basi wacha nifikirie." Jumamosi tunacheza na hao hao Giakanja. Nikimrudisha Ayub sina maziwa ya Njiru, nisipomrudisha huenda nikakosa wote wawili, na nyumbani naishi na mpinzani anayetabasamu. Nifanye nini?

Saumu, Skuta

Saumu, pole, ingawa nimecheka mpaka chai ikanimwagikia.

Kumtoa mkongwe ili upate nafasi si dhambi, mameneja hufanya hivyo. Lakini mtu haambiwi na simu kwamba amehamishwa wakati mkewe yuko mbele yake, mdomo mzima, mwiko mkononi. Na usijitetee kwa magoti. Magoti yale yale yanaruka Giakanja, kwa hiyo huenda kilichokuwa kinalia ni benchi lako. Isitoshe, ulitaka mchuma parachichi ukamtoa mwenye ngazi. Njiru ameliona hilo kwa simu moja, wewe unakaa na Ayub miaka yote hukuliona.

Leo akirudi mwombe radhi, kama mke, si kama meneja, na simu uiache chumba kingine. Usitaje kikomo. Njiru mpe mpaka Ijumaa, bila kumbembeleza. Akikataa, zile lita sita wagawie vijana uliobaki nao, wale wanaokimbia uwanja mzima kwa nusu lita. Ukiwajali hao huenda ukapata ngazi nyingine humo humo. Jumamosi kaa benchi la Skuta, piga kelele za Skuta, na Ayub akifunga mpigie makofi bila aibu. Aaliya mwache na jezi yake.

Lakini usimrudishe. Mwanamume aliyeanza kuimba asubuhi kwa umri ule hang'olewi alipopandwa.

Na kwa kuwa nimekusema kwa kutomwambia mumeo ana kwa ana, wacha na mimi nisifiche. Nilizaliwa Giakanja, na moja ya zile lita saba hukamuliwa kwangu. Ushauri wangu unabaki ni mzuri. Ila hata mkileta nyavu nne, Ayub hatumtoi.

Shangazi Murugi