Jina la Babu Mmarekani

Guangzhou, 8 Novemba 1998

Baba,

Leo tumekusomea hitima chumbani kwangu, mtaa wa Xiaobei, kwa kuwa sikuwahi maziko yako Unguja. Jirani yangu Bi Salma aliniuliza majina ya marehemu wetu. Nikayataja mpaka babu wa babu yako, yule Mmarekani aliyekuja kuuza nguo, akasilimu, akaoa kwetu.

"Jina lake nani, mwanangu?"

Sikulijua. Ulilitafuta miaka mingi, ukanipigia simu kwa furaha kwamba umelipata. Nikakukatiza: "Utanambia nikirudi, baba, sasa nafunga marobota."

Simu iliyofuata ilikuwa ya msiba.

Bi Salma akanishika mkono. "Mola anamjua. Katika dua tutasema tu, 'na babu yao Mmarekani.'"

Ukimwona, mwambie tulimwombea. Nami unikumbuke, baba.